Ndege Inaposhuka, Ni Nani Anautazama Mwendo?

Wengi wetu huiogopa ndege inapopaa. Dua ya safari husomwa pale, mikono hushika viegemeo vya viti, na mwenye kusafiri kwa mara ya kwanza hufumba macho. Saa nyingi baadaye ndege inapoanza kushuka kuelekea Jeddah, Madina au nyumbani, hofu hiyo huwa imekwisha. Watu hutafuta viatu chini ya viti, watoto huamshwa, na mahujaji huanza kuhesabu mizigo kichwani.

Kwa wale wawili walioketi mbele, nyuma ya mlango uliofungwa, mambo ni kinyume. Nusu saa hiyo ya kushuka ina kazi nyingi kuliko saa zote za katikati ya safari. Katika kazi hizo imo moja ambayo msafiri haioni wala haisikii, nayo ni kuuangalia mwendo. Tumeona tuizungumze katika ukurasa huu wa familia kwa sababu ndani yake mna suala linaloyahusu malezi yetu moja kwa moja: je, aliye mdogo akiona kosa la mkubwa wake, afanye nini, na alifanye lini?

Tuanze na jinsi ndege inavyoshuka. Dereva anayeteremka Mlima Kitonga kutoka Iringa hana haja ya kukanyaga mafuta. Mteremko wenyewe unamsukuma, na shida yake ni kulizuia gari lisimponyoke. Ndege nayo, katika sehemu kubwa ya kushuka, iko katika hali hiyo hiyo. Injini hupunguzwa hadi karibu na kiwango chake cha chini kabisa, na kimo chote kilichopandwa kwa mafuta mengi hurudishwa taratibu kwa njia ya kasi. Rubani huwa na kazi ya kuipunguza kasi hiyo hatua kwa hatua. Katika nchi nyingi, akifika chini ya futi 10,000, yaani takriban mita 3,000, hatakiwi kuzidi kilomita 460 kwa saa. (Marubani wenyewe huhesabu kwa noti, kipimo walichokirithi kwa manahodha wa majini. Sisi tutatumia kilomita, ili msomaji apate kulinganisha na gari.) Baadaye vibao vya nyuma ya mbawa hukunjuliwa, magurudumu huteremshwa, na kila kimoja katika hivyo huongeza ukinzani wa hewa.

Hapo ndipo tatizo linapogeuka sura. Ndege iliyokuwa ikihitaji kuzuiwa sasa yahitaji kusukumwa. Injini zilizokuwa zimelala ni lazima ziamshwe ili mwendo ubaki pale unapotakiwa, vinginevyo utaendelea kupungua. Tofauti ya makosa haya mawili ni kubwa. Mwendo ukizidi, ndege hulalamika: hewa huvuma, na njia ya kutua huja upesi kuliko ilivyotazamiwa. Mwendo ukipungua, ndani ya ndege hutulia. Kelele za injini ni chache, pua imeinuka kidogo, na msafiri huona kwamba rubani wake ni stadi kwelikweli.

Lakini ubawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi ya kutosha. Kasi ikipungua, pua hulazimika kuinuka zaidi ili ubawa uendelee kubeba uzito ule ule. Upo mpaka wa kuinuka huko. Ukivukwa, hewa huacha kuufuata mgongo wa ubawa, na ubawa huangusha ulichokibeba. Dawa yake yajulikana na kila mwanafunzi wa urubani: shusha pua, ongeza nguvu. Dawa hiyo, hata hivyo, hugharimu kimo, na ndege iliyo karibu na ardhi haina kimo cha kulipia.

Kwa miongo mingi sasa ndege kubwa zimekuwa na mtambo unaoshughulika na jambo hili. Rubani huuandikia mwendo anaoutaka, nao husukuma au kuvuta vipini vya nguvu za injini kadiri ya haja. Mtambo huu hufanya kazi vizuri sana. Huo ndio ugumu wenyewe, kwani macho ya mwanadamu huchoka upesi kukitazama kitu ambacho kila siku kiko sawa.

Tarehe 25 Februari 2009, ndege ya Shirika la Ndege la Uturuki, aina ya Boeing 737, iliondoka Istanbul kwenda Amsterdam nchini Uholanzi ikiwa na watu 135. Katika chumba cha mbele hawakuwamo marubani wawili, walikuwamo watatu. Nahodha alikuwa mtu wa uzoefu mrefu na mwalimu wa marubani. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiiendesha ndege siku ile, alikuwa bado katika kipindi cha kuzoezwa kwenye safari zenye abiria. Wa tatu aliketi nyuma yao kwa kazi moja tu, kuwa jicho la ziada la usalama, kwa kuwa mwalimu anayefundisha huenda akashughulishwa na mwanafunzi wake.

Ndege ile ilikuwa na kasoro ndogo. Ndege za aina hiyo zina vipima kimo viwili vinavyotuma mawimbi ya redio chini na kuyasikiliza yakirudi, kimoja cha upande wa kushoto na kimoja cha kulia. Cha kushoto kilianza kutoa jawabu lisilowezekana. Ndege ikiwa bado karibu na futi 2,000 angani, chenyewe kilionyesha kwamba iko futi nane chini ya ardhi. Mtambo wa kuongoza nguvu za injini ulikuwa ukikisikiliza kipima hicho cha kushoto. Ukaamini kwamba ndege imefika na inagusa ardhi, ukafanya kile ulichoumbiwa kufanya wakati wa kugusa ardhi: ukavivuta vipini vyote nyuma, injini zikalala. Wakati huo huo rubani wa mashine, anayeiongoza pua, alikuwa akitumia kipima cha kulia kilicho kizima, naye akaendelea kuishikilia njia ya kushukia kana kwamba hakuna lililotokea. Kila mtambo ulitimiza wajibu wake kwa habari uliyopewa.

Kwa nini watu watatu hawakuliona hilo? Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyotoa ripoti yake mwaka 2010, ilieleza jambo ambalo twaliona kuwa kiini cha kisa chote. Waongozaji wa ndege walikuwa wameielekeza ndege kuingia kwenye mstari wa kutua ikiwa karibu na uwanja kuliko ilivyo kawaida, hata ikaikuta njia ya kushukia ikiwa juu yake. Ili kuifikia, marubani walihitaji kushuka kwa haraka na kupunguza kasi kwa pamoja, na mtu anayefanya hivyo hutarajia kabisa injini ziwe zimelala. Ndiyo kusema kasoro ilijificha ndani ya jambo lililotarajiwa. Vipini vilikuwa nyuma, na vilitakiwa kuwa nyuma. Neno dogo lililoandikwa kwenye kioo mbele yao, la kueleza hali ambayo mtambo umeingia, halikumgutusha yeyote.

Mwendo uliokusudiwa ulikuwa kilomita 267 kwa saa. Ndege ilipoufikia mwendo huo injini zilipaswa kuamka, nazo hazikuamka. Rubani wa mashine akaendelea kuinua pua kidogo kidogo ili asiiache njia. Marubani walikuwa bado wanakamilisha orodha ya ukaguzi wa kutua, kazi ambayo kwa utaratibu ingekuwa imekwisha kabla ya kushuka chini ya futi 1,000. Ripoti ilisema wazi kwamba walipofika kimo hicho wakiwa hawajawa tayari, walipaswa kughairi kutua na kupaa tena. Walipokuwa kama futi 460 juu ya ardhi, usukani ukaanza kutetemeka kwa nguvu mikononi mwa rubani. Hilo ni onyo la mwisho kwamba ubawa umefika mpakani.

Rubani msaidizi alivisukuma vipini mbele. Katika sekunde ile ile nahodha akatamka kwamba anauchukua usukani mwenyewe, kijana akaachia, na mtambo ambao haukuwa umezimwa ukavirudisha vipini nyuma. Zilipita takriban sekunde tisa tangu onyo hadi nguvu zote za injini zilipoombwa. Ndege iliangukia shambani, kwenye udongo laini wa matope, yapata kilomita moja na nusu kabla ya njia ya kutua, ikavunjika vipande vitatu. Haikuwaka moto, na kwa rehema hiyo watu 126 walitoka hai. Tisa walifariki: abiria watano, mhudumu mmoja, na marubani wote watatu.

Liko jambo moja zaidi katika ripoti hiyo. Katika mara nane za mwisho za kutua za ndege ile, kasoro hiyo hiyo ilikuwa imejitokeza mara mbili, na mara zote mbili marubani waliokuwapo waliiona, wakavishika vipini kwa mikono yao, wakatua salama. Kipima kilikuwa kibovu kwao pia.

Msiba unapotokea, ulimi wetu hukimbilia kusema kwamba ni qadari ya Mwenyezi Mungu, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo, tumewasikia baadhi ya watu wakilitumia neno hilo kufunga mlango wa kuuliza, na hilo hatulikubali. Mwenye kuambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mola hakuambiwa asichunguze fundo pale ngamia alipopotea. Wachunguzi wa ajali za anga wana desturi ambayo Waislamu tungeliitambua upesi: hawaanzi kwa kumtafuta wa kumlaumu, huanza kwa kutaka kujua ilikuwaje watu wazima, wenye akili na wenye kuyapenda maisha yao, wasione kilichokuwa mbele ya macho yao.

Miaka minne baadaye lilitokea jambo la kufanana nalo. Tarehe 6 Julai 2013, ndege ya shirika la Asiana iliyotoka Seoul, Korea Kusini, ikiwa na watu 307, ilikuwa ikitua San Francisco, Marekani. Hali ya hewa ilikuwa nzuri na bahari ilionekana wazi. Aliyekuwa akiirusha alikuwa rubani mwenye maelfu ya saa angani, ila alikuwa mgeni katika Boeing 777, akijifunza chini ya mwalimu aliyeketi kando yake. Katika kushuka, hatua walizozichukua ziliuacha mtambo wa nguvu katika hali ambayo hauingilii tena mwendo, wao wakidhani kwamba bado unaulinda. Mwendo uliotakiwa ulikuwa kilomita 254 kwa saa, nao ukashuka hadi karibu na 190. Walipojaribu kupaa tena zilikuwa zimebaki sekunde chache, na mkia ukagonga ukuta wa ufukweni kabla ya njia ya kutua. Wasichana watatu wa shule kutoka China walipoteza maisha.

Katika mahojiano na wachunguzi wa Marekani, rubani yule mwanafunzi alieleza mambo mawili ambayo, kwa mtu aliyelelewa pwani au bara katika nyumba zetu, hayahitaji kufafanuliwa. Alisema kwamba mwanga ulimsumbua macho, lakini hakuvaa miwani ya jua kwa kuwa kuvaa miwani mbele ya mwalimu wake ni utovu wa adabu. Akasema tena kwamba uamuzi wa kughairi kutua ulikuwa mgumu kwake, kwa kuwa aliuona ni wa mwenye mamlaka zaidi yake.

Tusiharakishe kuwacheka Wakorea. Ni wangapi kati yetu waliokaa ndani ya basi la usiku, wakaiona simu mkononi mwa dereva na macho yake yakiwa kwenye simu hiyo, wakanyamaza kwa sababu dereva ni mtu mzima na kumsemesha ni kumvunjia heshima? Ni wangapi waliomwona mzee wao akikosea kipimo cha dawa, wakangoja mtu mwingine aseme?

Ilhali dini yetu imetufundisha kinyume cha kunyamaza huko, tena mahali patakatifu kuliko pote, ndani ya swala. Imamu akikosea, akasimama kwa rakaa ya tano au akaketi pasipo kikao, maamuma hatakiwi kungoja salamu kisha amweleze pembeni kwa upole. Humkumbusha pale pale: mwanamume kwa kusema Subhanallah, mwanamke kwa kupiga kofi. Hakuna sharti kwamba anayekumbusha awe na elimu kuliko imamu au awe ameketi safu ya mbele. Tamko lenyewe ni fupi, linajulikana na wote, na halina matusi wala lawama ndani yake.

Na imo katika Bukhari na Muslim ile hadithi aliyoisimulia Abu Hurayra (r.a.), ya Mtume (s.a.w.) alipotoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne. Msikitini walikuwapo Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar (r.a.), na msimulizi anaeleza kwamba haiba iliwazuia kusema. Aliyesema ni mtu mmoja aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn. Aliuliza kama swala imefupishwa au Mtume amesahau. Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Aliwauliza waliokuwapo kama ni kweli, wakathibitisha, akaikamilisha swala na kusujudu sijda mbili za kusahau. Wanazuoni wametoa katika kisa hiki hukumu nyingi za fiqhi. Sisi twaliangalia hili moja: wabora wa umma walinyamaza kwa heshima, na aliyenena hakuhesabiwa kuwa amekosa heshima.

Wenye mashirika ya ndege wamefika kwenye maana iliyo karibu na hiyo kwa njia ndefu na ya machozi. Zamani yule rubani asiyeshika usukani aliitwa kwa jina la kukanusha, yaani rubani asiyerusha. Siku hizi anaitwa rubani mfuatiliaji, na kufuatilia ndiyo kazi aliyoandikiwa. Mwendo ukitoka nje ya kiwango kilichowekwa anatakiwa kulitamka neno moja, mwendo, kwa sauti ya kusikika, hata kama aliye kando yake ndiye aliyemfundisha kurusha. Mwenziwe anatakiwa kujibu na kurekebisha. Asipojibu, neno hurudiwa, na baada ya hapo mfuatiliaji ana ruhusa ya kuuchukua usukani. Mazoezi ya jambo hili hufanywa kila mara, kwa sababu ulimi usiozoezwa hukwama siku ya haja.

Ipo pia kanuni ya ukimya. Mwaka 1974 ndege moja ilianguka katika ukungu karibu na Charlotte, Marekani, na watu zaidi ya 70 wakafa. Chombo cha kurekodi sauti kilionyesha kwamba marubani walikuwa wakishuka huku wakizungumza siasa na habari za magari yaliyokwisha kutumika. Miaka saba baadaye, mwaka 1981, Marekani ilipiga marufuku mazungumzo na kazi zote zisizohusu usalama wa ndege katika chumba cha marubani, ndege ikiwa chini ya futi 10,000 pasipokuwa katika safari ya kawaida ya juu. Nchi nyingi zimeifuata. Mwenye kujua khushui ni nini hatashangaa kwamba ilibidi sheria iwekwe: nafsi ya mwanadamu hutoroka penye shughuli aliyoizoea kuliko penye shughuli ngeni.

Kanuni hiyo inawagusa abiria pia. Katika dakika hizo wahudumu hawaruhusiwi kuwapigia marubani simu kwa jambo dogo. Kwa hiyo anayegombana na mhudumu kuhusu mzigo, anayesimama kulifuata begi lake la juu, au anayemwachia mtoto akimbie kwenye ujia wakati ndege inashuka, anaweza kuwa sababu ya simu hiyo kupigwa, na jicho moja kuondoka kwenye kipima mwendo. Wanaoongoza misafara ya Umra wangefanya vyema kulisema hili kwenye semina zao, pamoja na yale wanayoyasema juu ya ihramu na miqati. Wazee wetu wengi hupanda ndege kwa mara ya kwanza katika safari hiyo, na hakuna aliyewaambia kwa nini taa hupunguzwa na watu huamriwa kuketi.

Na liko jambo la mwisho ambalo familia inafaa ilijue kabla ya safari. Pengine ndege itakuwa imekaribia kabisa, nyumba na magari yanaonekana, kisha ghafla injini zingurume, pua iinuke na ardhi ianze kurudi chini. Tumewaona watu wakilia kwa hofu na kutoa shahada wakati huo. Kutoa shahada ni kheri wakati wowote, ila hofu haina mahali. Huko ndiko kughairi kutua, na ndicho kitendo ambacho ripoti ya Amsterdam ilisema kilipaswa kufanywa kwenye futi 1,000. Mtoto aliyeketi dirishani akiuliza kwa nini tumepanda tena ilhali uwanja ulikuwa pale, aambiwe kwamba mmoja wa wale wawili kule mbele hakuridhika na jambo fulani akalitamka: huenda ni mwendo, huenda ni upepo, huenda ndege nyingine ilikuwa bado haijaipisha njia. Ndege itazunguka kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha itajipanga upya. Wanaosubiri nje watachelewa kidogo kuipata Zamzam yao.